Kabla ya kuandika namba kwenye bawa, ulizeni rubani alifunzwa na nani

Kwa wenye dhamana ya usalama wa anga nchini Kenya, na kwa serikali ya Kaunti ya Elgeyo Marakwet.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Iten, mji ambao wengi wenu mnaujua kwa ajili ya wakimbiaji. Siku mkija, simameni ukingoni pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea Tambach, mtazame juu. Kati ya Desemba na Machi mtaona mabawa ya kitambaa, mekundu, ya manjano na ya buluu, yakizunguka kimya juu ya Bonde la Kerio pamoja na tai. Chini ya kila bawa ameketi mtu mmoja, mara nyingine wawili. Hakuna injini. Watu wa bondeni husema ni mwavuli. Sisi tunaoruka tunasema bawa, na chombo kizima tunakiita paraglaida.

Kila msimu maswali yale yale hurudi, barazani kwa chifu na kwenye vibanda vya chai: hawa watu wana leseni? Hivyo vitu vyao vimesajiliwa wapi? Ni maswali ya haki. Mama aliyeamka akakuta mtu mzima ananing'inia kwenye mwembe wake ana haki ya kuuliza kwa sauti kubwa. Nami nimeyauliza kwa muda mrefu, maana nilianza kama mbeba mikoba ya wageni wanaokuja kuruka hapa, kisha nikawa nawafuata kwa pikipiki bondeni wakitua, na mwishowe nikajinyima nikaenda Afrika Kusini kujifunza kuruka mwenyewe. Ninachowaomba katika barua hii ni kimoja. Mkiyajibu maswali haya, anzeni na mafunzo. Usajili uje nyuma yake, na uwe usajili wa mambo yanayomwua rubani au kumwokoa.

Nitaeleza kwa nini nasema hivi.

Kijana mmoja, jirani yangu, alikuwa na miaka kumi na tisa. Kwa misimu miwili alimbebea mikoba mgeni mmoja, na mgeni alipokuwa anaondoka alimwachia bawa lake la zamani kama zawadi. Sina neno baya juu ya mgeni yule. Alimwona kijana akikitamani kitu kile siku nenda siku rudi, akampa. Kijana akawa kila jioni yuko kwenye uwanja wa shule, anakimbia na bawa, analiinua kichwani, linaanguka, analiinua tena. Alitazama video kwenye simu. Alikuwa na mikono mizuri, na wenye macho waliona kwamba angekuwa rubani. Asubuhi moja ya Januari, kama saa tano, akaondoka ukingoni peke yake. Hakuwa na parachuti ya akiba. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni lazima kuwa nayo.

Aliruka vizuri kwa dakika moja hivi. Alipogeuza kurudi upande wa mlima, bawa likaacha kwenda mbele. Lilikuwa wazi juu ya kichwa chake, limejaa, halijakunjika popote, ila halikwenda mbele tena; lilikuwa linashuka wima kama mwavuli kwelikweli. Hakujua la kufanya. Kuna la kufanya, na rubani aliyefunzwa hulijua, nalo halichukui muda: unaachia breki, yaani zile kamba mbili za mkononi zinazovuta ukingo wa nyuma wa bawa, unaisukuma kamba ya mbele au unakanyaga kiongeza mwendo, bawa linashika hewa tena. Yeye alivuta breki zaidi, kwa sababu mtu anayeanguka hushika alicho nacho mkononi. Alitua ndani ya mgunga, akapita matawi, akafika chini. Paja lilivunjika na pingili moja ya uti wa mgongo ikapasuka. Tulimbeba juu ya mlango wa nyumba hadi barabarani. Yuko hai. Anatembea na fimbo.

Bawa lile nililichukua mimi. Nilipopata safari ya kurudi Afrika Kusini nikalipeleka kwa fundi anayekagua mabawa. Aliweka kitambaa kwenye kifaa kinachopima sekunde ambazo hewa inachukua kupenya, na hewa ikapita papo hapo. Kitambaa cha bawa ni nailoni iliyopakwa dawa ili isipitishe hewa, na jua ndilo linalokula dawa hiyo. Jua letu la ikweta mnalijua. Kisha akapima kamba moja moja. Kamba za mbele ndizo zinazobeba uzito mwingi, kwa hiyo hubaki zimenyooka. Za nyuma hazibebi sana, na kwa miaka husinyaa, sentimita moja, mbili. Mtu hawezi kuona kwa macho. Lakini nyuma ikivutwa chini kiasi hicho, bawa zima huwa limeinua pua muda wote, ni kama linaruka huku breki imeshikwa. Ukiongeza na kitambaa kinachovuja, unapata bawa linaloacha kuruka lenyewe, bila rubani kukosea kitu. Fundi alilikunja, akaniambia nisimpe mtu yeyote.

Sasa, waheshimiwa, jiulizeni: kama bawa lile lingekuwa na herufi za 5Y zilizoandikwa ubavuni kama ndege nyingine za Kenya, zingemsaidia nini kijana yule? Herufi zingetusaidia kujua limeanguka la nani. Hilo kila mtu kijijini alilijua.

Najua kwa nini wazo la kusajili huja kwanza. Kwa maana inayotumiwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ndege ni mashine yoyote inayoweza kubebwa na hewa kwa namna isiyokuwa ya kuisukuma ardhi. Paraglaida imo ndani ya maneno hayo. Isiyo na injini nayo ina jina lake, glaida, na glaida ina leseni yake ya rubani. Mtu mwenye kitabu cha sheria mezani akifuata mstari huo atafika mahali pa kudai namba ya usajili, cheti cha kufaa kuruka na leseni ya glaida. Hajakosea kusoma. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda kwenye ofisi moja, ambayo sitaitaja, kuuliza nifanye nini ili niwe rubani halali. Nilipokewa kwa adabu na nikapewa fomu. Ilikuwa na nafasi ya aina ya injini, namba ya injini, uzito wa kuondokea na uwanja ambapo chombo hulala. Chombo changu hulala chini ya kitanda. Nilirudi Iten na fomu tupu, na afisa aliyenihudumia alikuwa na masikitiko kama yangu, maana hakuwa na karatasi nyingine ya kunipa.

Tazameni tofauti ilivyo. Glaida ambayo leseni ile iliandikiwa ni ndege kamili: ina mabawa magumu, ina chumba cha rubani, uzito wake ni mamia ya kilo, na huvutwa na ndege nyingine au kwa winchi mpaka ipate kimo. Bawa langu lina uzito wa kilo tano na kidogo. Pamoja na kiti cha mikanda, helmeti, parachuti ya akiba na redio, mzigo wote naubeba mgongoni na kupanda nao matatu. Siku hizi yako mabawa mepesi zaidi ya wapanda milima, ambayo mtu huyatia kwenye begi la kawaida pamoja na chakula chake.

Lakini uzito siyo jambo kubwa. Jambo kubwa ni jinsi mtu anavyofundishwa. Glaida ya mafunzo ina viti viwili. Mwanafunzi hukaa mbele, mkufunzi nyuma yake, na mwanafunzi akikosea mkufunzi anashika usukani. Anaweza kuruka hivyo mara hamsini kabla ya kuachwa peke yake. Mwanafunzi wa paraglaida yuko peke yake tangu miguu yake inapoacha ardhi kwa mara ya kwanza. Mkufunzi amesimama chini na redio. Anaweza kusema, hawezi kushika. Kwa hiyo karibu mafunzo yote ya maana lazima yafanyike kabla: siku nyingi za kucheza na bawa uwanjani mpaka mikono ilijue bila macho, kilima kifupi ambacho kosa lake ni magoti kuchubuka, mlima wa wastani asubuhi hewa ikiwa imelala, ndipo mahali kama hapa kwetu. Mkitaka kujua mtu kama amefunzwa, ulizeni ngazi hizo alizipanda wapi na nani alikuwa chini na redio.

Kanuni za ICAO zinamdai mwombaji wa leseni ya glaida saa 6 za kuruka, 2 kati yake akiwa peke yake, na awe ameondoka na kutua mara 20. Kwa glaida hizo ni kipimo chenye akili. Kwa paraglaida saa 6 zinaweza kuwa ni jioni tatu za kuelea mbele ya mlima kwenye upepo laini wa bahari, na mtu huyo huyo akija Kerio saa saba mchana atakutana na kitu ambacho hajawahi kukigusa.

Hapa naomba mnivumilie, maana bonde hili ndilo ninalolijua na nalipenda kuliko mahali popote. Iten iko kwenye mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya bonde iko zaidi ya kilomita moja chini yake. Upepo wa mashariki huja kutoka upande wa milima ya Tugen, hupita juu ya bonde na kuugonga ukuta wa Elgeyo. Wakati huo huo jua linachoma sakafu ya bonde, mchanga na mawe na vichaka vya migunga, na hewa iliyopata moto inang'oka kutoka chini na kupanda kama moshi wa jiko lililofunguliwa ghafla. Asubuhi mapema hupanda polepole, na ni raha tupu. Kufikia saa sita hewa moto ile hupanda kwa nguvu za kumwinua mtu mita kadhaa kila sekunde, na pembeni yake, hatua chache tu, kuna hewa inayoshuka kwa nguvu hiyo hiyo. Bawa ni kitambaa kinachoshikiliwa wazi na hewa iliyo ndani yake. Likipita mpakani mwa hizo mbili, upande mmoja unaweza kujikunja. Rubani aliyezoea huyahisi mapema kupitia breki, anahamisha uzito wake, anazuia bawa lisigeuke, na upande uliokunjika hufunguka. Kwake ni sekunde mbili za kazi. Kwa asiyefunzwa zinatosha kumzungusha mpaka mlimani.

Kuna na jambo la kimo, ambalo hata marubani wazuri kutoka nje hulisahau. Kwenye mita 2,400 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Bawa linaloruka kwa kasi ya kilomita 37 kwa saa kule Kilifi litahitaji karibu 42 hapa kwetu, na kasi ya kuondokea nayo hupanda kwa kiasi hicho hicho. Tofauti hiyo unaikimbia kwa miguu, ukingoni, mbele yako hakuna kitu. Nimewaona watu wenye vyeti vizuri vya Ulaya wakiacha kukimbia hatua tatu mapema kwa sababu miguu yao imezoea hewa nzito ya kwao.

Ndiyo maana nasema saa za kitabuni hazitoshi, na herufi ubavuni hazitoshi.

Nchi nyingine zimefika wapi? Hazikubaliani, na ni vizuri mjue hivyo kabla mtu hajaja kuwaambia kwamba dunia nzima inafanya jambo moja. Uingereza sheria haimdai rubani wa paraglaida leseni ya serikali, wala bawa halina namba ya usajili. Kazi ya shule, wakufunzi na ngazi za marubani iko mikononi mwa chama chao, BHPA, kilichoundwa 1992. Marekani ina kanuni yake ya mwaka 1982, Sehemu ya 103, inayosema chombo kisicho na injini chenye uzito chini ya ratili 155, yaani kilo 70 hivi, hakisajiliwi, na rubani wake hadaiwi leseni, ilimradi awe peke yake na aruke kwa kujifurahisha tu. Kumbeba mtu wa pili kunahitaji ruhusa ya pekee. Ujerumani ni kinyume kabisa: leseni ni lazima, aina ya bawa lazima iwe imepimwa na kuidhinishwa, bima ya kumlipa atakayeumizwa ni lazima. Lakini hata huko serikali haifanyi kazi hiyo yenyewe. Imeikabidhi kwa chama cha warukaji, DHV. Afrika Kusini, ambako mimi nilifunzwa, mamlaka ya anga inadai leseni na uanachama, na chama cha SAHPA ndicho kinachosimamia shule na vyeti. Hata mgeni wa wiki mbili hujiandikisha kwao kabla ya kuruka.

Wakali na wapole wanakutana mahali pamoja: pana chombo cha marubani wenyewe kinachojua nani alifunzwa na nani, na serikali imekitambua. Hicho ndicho ninachokiona kinakosekana ukingoni kwetu, na ndicho ninachowaomba.

Mna uwezo wa kukifanya. Sheria ya Usafiri wa Anga ya mwaka 2013 iliwapa kazi ya kuandika kanuni, na mwaka 2020 zikaja kanuni za droni, vyombo ambavyo miaka michache kabla hakuna aliyejua vikae kwenye droo gani. Hamkuzilazimisha droni ziwe ndege za abiria. Mlitazama hatari ya kazi yenyewe, kisha mkapanga masharti yalingane na hatari hiyo. Naomba macho yale yale yatugeukie.

Tukianza na rubani anayeruka peke yake: msimdai leseni ya glaida. Mdaini ngazi. Tayari iko kadi inayotambulika duniani, ya IPPI, inayotolewa kupitia kamati ya michezo hii, CIVL, ya shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI. Kadi hiyo ina ngazi 5 kwa paraglaida, kuanzia mtu anayeruka karibu na ardhi mlimani pa kujifunzia hadi anayesafiri masafa marefu kwa kutumia hewa moto. Mgeni akija na kadi yake, tuisome. Wa ngazi ya pili aruke asubuhi, chini ya macho ya mkufunzi, awe ametua kabla ya saa nne. Saa za mchana wa Januari tuwaachie waliofika ngazi ya nne na kuendelea. Hili siyo jambo gumu kulisimamia: njia ya kufika mahali pa kuondokea ni moja, na siku nyingi kuna mtu pale.

Bawa nalo liwe na daftari. Sisemi vyeti vya kufaa kuruka vya kila mwaka kama vya ndege, kwa sababu gharama yake itapita thamani ya bawa lenyewe. Nasema daftari dogo linalofuata bawa kila linapobadilisha mwenyewe: mwaka lilipotengenezwa, daraja lake kwa kipimo cha Ulaya cha EN, kuanzia A linalomsamehe rubani makosa hadi D linalotaka rubani mzoefu, saa lilizoruka, tarehe ya mwisho kitambaa na kamba vilipopimwa, na tarehe parachuti ya akiba ilipokunjwa upya. Chama kiweke nakala. Bawa lisilo na daftari lisiruke, hata likiwa zawadi, hata likiwa la rafiki. Hapa ndipo usajili una maana, na huu ndio ungemsimamisha jirani yangu asubuhi ile. Kifaa cha kupima kitambaa kinabebeka kwa mkono mmoja. Kimoja kikiwa Iten, tutajitegemea.

Kwa wanaobeba abiria kwa malipo, kuweni wakali. Nalisema hili nikijua kwamba baadhi ya marafiki zangu watanikasirikia. Anayeruka peke yake amechagua hatari yake mwenyewe. Msichana aliyekuja na wenzake kutoka Eldoret siku ya sikukuu, akalipa, akafungwa mikanda na mtu asiyemjua, hajachagua kitu. Anaamini kwamba kuna mtu amemkagua yule rubani kwa niaba yake. Huyo mtu lazima awe ninyi. Rubani wa kubeba watu awe na kibali chenu chenye jina na picha, awe amepita mtihani wa kuruka wawili mbele ya mkaguzi, awe na bima inayomfikia abiria, na bawa lake lipimwe mara nyingi kuliko letu kwa sababu linaruka mara nyingi kuliko letu. Jimbo la Himachal Pradesh nchini India, lenye eneo maarufu la kurukia la Bir Billing, liliandika kanuni zake za michezo ya anga mwaka 2004, kwa sababu biashara ya kubeba watalii haikungoja mtu. Na kwetu haitangoja.

Wageni wa hangi-glaida, yaani wale wenye bawa la pembetatu lenye fremu ya mabomba, wanaingia katika utaratibu huo huo. Wana ngazi zao ndani ya mfumo ule ule wa kimataifa. Wako wachache, sitawachosha.

Kuhusu anga lenyewe: uwanja wa kimataifa wa Eldoret hauko mbali nasi, na ndege ndogo hupita juu ya bonde. Siku nzuri marubani wetu hupanda juu kuliko ukingo kwa kilomita nzima na zaidi. Rubani wa ndege ndogo hawezi kutuona kwa urahisi, na hatuna kifaa kinachotuonyesha kwenye rada. Tangazeni kila msimu kwa marubani wote eneo na saa tunazoruka, mtupe namba ya simu ya kupiga asubuhi kabla ya kuanza na jioni tukimaliza, na mtuambie waziwazi mstari ambao hatupaswi kuuvuka. Tutautii. Mpaka sasa kila rubani hutegemea ramani aliyoipakua mwenyewe.

Kwenu serikali ya kaunti, nina mambo matatu ya ardhini. Tunahitaji mahali pa kutua panapojulikana, karibu na barabara ya Biretwo, pakodishwe kwa haki kutoka kwa wenye mashamba, na pawe na malipo yaliyokubaliwa mtu akitua kwenye mazao. Sasa hivi kila mama hujadiliana peke yake na mgeni asiyejua Kiswahili wala Kikalenjin, na mara nyingi huambulia asante. Tunahitaji machela ya kubebea mtu aliyeumia mgongo, na vijana wa pikipiki waliofundishwa kuitumia, kwa sababu wao ndio hufika kwanza. Sitaki kuona mlango wa nyumba ukibebwa tena. Na tunahitaji wageni waambiwe kwamba upande wa hifadhi ya Rimoi kuna ndovu, na kwamba kutua huko jioni bila redio si mchezo.

Najua kuna swali mtaniuliza: chama hicho kitaongozwa na nani, ikiwa marubani Wakenya tunahesabika kwa vidole? Ni kweli tuko wachache. Tuko wachache kwa sababu seti mpya hupita nusu milioni ya shilingi, na kwa sababu anayetaka kujifunza kwa utaratibu kamili hulazimika kufikiria tiketi ya ndege kwanza. Mzee wangu aliuza mahindi ya misimu miwili ili nipate hiyo tiketi. Anzeni na hao wachache. Karibisheni wakufunzi wawili kutoka chama cha Afrika Kusini kwa msimu mmoja, wawafundishe Wakenya wanne kuwa wakufunzi, chini ya macho yenu. Tunavyo vilima vifupi vya nyasi huku juu vinavyofaa wanaoanza, na uwanja wa shule upo. Ada iwe ndogo. Ada ikiwa kubwa watu hawataacha kuruka. Wataacha kujiandikisha, nao wataondokea kwenye vijia vya mbuzi ambako hakuna atakayewaona wakianguka.

Niko tayari kuja Nairobi au Eldoret, siku yoyote mtakayotaja, na bawa langu na daftari langu na la fundi. Lakini ningependa zaidi mje ninyi. Njooni Januari, saa mbili asubuhi, hewa ikiwa bado imelala. Nitawafungulia bawa uwanjani, kila mmoja alishike kwa mikono yake, avute breki, asikie jinsi linavyosema. Karatasi nyingi ambazo zimetushinda zitaandikika kwa urahisi baada ya hapo.

Kijana jirani yangu hupita kwangu karibu kila Jumapili. Daktari amemwambia mfupa umeunga vizuri na fimbo ataiacha. Hulizungumzia bonde kama mtu anayezungumzia nyumbani. Anajua bawa lake la zamani haliwezi kuruka tena, naye mwenyewe halitaki. Anachoniuliza ni aende wapi akafunzwe, aandikishwe na nani, na aanze lini. Msimu unafunguliwa Desemba, naye atanijia tena na swali hilo kabla ya hapo. Naomba niwe na jibu lenu la kumpa.

Wenu kwa heshima,

Rubani wa paraglaida,
Iten